Lebo Iliyosema Mnyweshe

"Toa hiyo kichwa ya mfu," Rebeccah alisema. "Nani ataweka kitu kama hiyo kwa nyumba iko na watoto?"

Alikuwa amekuja kuleta chakula tu. Angeweka lile sufuria mezani akaenda zake, haya yote yasingetokea. Lakini mama akiona kazi ya mtoto wake hawezi kunyamaza, na Rebeccah kunyamaza hakujui hata kidogo.

Cheptoo, binti yake wa pili, alikuwa ameinama mbele ya laptopu katika kichumba walichokodi pale Kiptere, kando ya duka la dawa za mifugo. Kwenye kioo palikuwa na lebo aliyoichora kwa siku tatu. Chini ilikuwa na utepe wa manjano, juu yake fuvu na mifupa miwili, na katikati mwanamume wa gambuti na glovu akimpulizia ng'ombe mgongoni kwa pampu. Nyuma ya kiti alisimama Joab, mwenye lile duka, amekunja mikono. Joab alikuwa akinunua dawa ya kupe kwa mitungi mikubwa na kuimimina kwenye chupa ndogo ndogo, kwa sababu wateja wake wengi wana ng'ombe mmoja au wawili. Sheria haimruhusu, naye alijua. Sasa alitaka chupa zake ziwe na jina la bidhaa yake mwenyewe. Alikuwa amechagua jina Neema.

"Mama ameongea," Joab akadakia. "Hiyo mifupa inafukuza kastoma. Mtu anataka kuona maziwa, si kaburi."

"Lakini ni sumu, Joab," Cheptoo akasema. "Chuoni tulifundishwa hizo alama hazitolewi."

"Chuoni! Kwani chuoni walikuwa na ng'ombe?"

Rebeccah alicheka. Alicheka kwa sababu alikuwa na furaha, na furaha yake ilitokana na hofu. Tangu Cheptoo arudi nyumbani na cheti cha kuchora, majirani walikuwa wakimwuliza mama yake, "Na huyu wako anachora nini? Atakula picha?" Rebeccah alisoma mpaka darasa la saba akaolewa, na mpaka leo anachuma majani chai tangu alfajiri mpaka mgongo ukatae. Usiku alikuwa akilala akiwaza mtoto wake atakuwa mtu gani wa kuchora picha. Sasa mteja wa kwanza wa maana huyu hapa, amesimama, na mtoto anabishana naye!

"Msikilize mwenye kazi," alimwambia kwa ukali. "Na hiyo manjano pia ni mbaya, inakaa kama ugonjwa. Weka kijani, kijani kama chai yetu. Weka ng'ombe mnene, kiwele imejaa, na glasi ya maziwa hapa mbele. Watu wapende."

"Mathe..."

"Mathe nini? Weka."

Cheptoo akaweka. Kwa mkono ule mwepesi aliojaliwa alimtoa mtu wa pampu, akamweka ng'ombe wa madoa meusi na meupe amesimama kwenye nyasi, nyuma yake mashamba ya chai yakipanda kilima, mbele yake glasi imejaa mpaka povu. Maelezo ya matumizi aliyaandika kwa Kiingereza, madogo kama sisimizi, nyuma ya chupa, maana mbele picha ilitaka nafasi. Joab alipiga makofi. Rebeccah aliitazama ile lebo na machozi yakamlengalenga. Kitu kizuri kama kile kimetoka kwa tumbo lake!

Siku ya soko Joab alitoa chupa kumi na mbili za kwanza. Kufika saa nane zilikuwa zimekwisha. Rebeccah alibaki na stika moja iliyozidi, akaikunja vizuri ndani ya kitambaa chake cha mkononi kama mtu anayeficha noti.

*

Kesho yake asubuhi, alipokwisha kupima majani kituoni, hakurudi nyumbani. Alishuka hadi bucha iliyo chini ya barabara, ambako Mzee Nganga alikuwa juu ya ngazi akichora fahali ukutani. Nganga alikuja sehemu hizi kutoka upande wa Nyeri akiwa kijana, akachora kila duka, kila baa na kila kinu cha unga kuanzia Londiani mpaka Bomet, hadi mabango ya kuchapwa yalipofika na kazi ikakauka. Siku hizi hupata bucha moja kwa mwezi. Ni yeye aliyekuwa akisema, mbele ya watu, kwamba watoto wa kompyuta hawajui kuchora, wanajua kubonyeza.

"Mzee," Rebeccah akamwita, "shuka uone vile watoto wanabonyeza."

Nganga alishuka polepole, akafuta vidole na mafuta ya taa, akaishika stika kwa pembe zake. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakucheka.

"Mkono ni mzuri," alisema. "Huyu msichana ana mkono. Ng'ombe ana uzito, anasimama kwa miguu yake. Sasa hii dawa ananyweshwa mara ngapi kwa siku?"

"Hainyweshwi. Ni ya kupe."

Mzee alimtazama. Akaitazama tena stika, halafu akamtazama yeye mara ya pili.

"Kuja," Nganga akasema.

Nyumbani kwake ni hatua chache kutoka pale. Chini ya kitanda alivuta sanduku la bati, na ndani yake hamkuwa na nguo. Mlikuwa na karatasi: lebo za mikebe ya chai za zamani, karatasi za viberiti, za sabuni, za mafuta ya taa, za dawa za mifugo, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Kulikuwa na fremu ya mbao iliyowambwa hariri, ile waliyokuwa wakisukumia rangi kuchapa mabango ya mikutano kabla ya printa. Kulikuwa na shiti za herufi za kusugua, zile ambazo ulikuwa ukisugua kwa kijiko mpaka A moja inabanduka na kushika kwenye karatasi, na ukikosea umeharibu.

"Tulipoanza hii kazi," Nganga alisema huku akipekua, "kwa watu kumi, tisa hawakusoma. Tajiri wangu alikuwa Mhindi pale Kericho. Alikuwa ananiambia, Nganga, maandishi ni ya serikali, picha ni ya mnunuzi. Duka ya viatu unachora kiatu. Kinyozi unachora kichwa. Na huyu unaona?" Alitoa lebo ya manjano iliyofifia. Juu yake palikuwa na fuvu, na ng'ombe aliyekuwa akioga ndani ya josho, maji yakimfika shingoni. "Hii ni ya kupe, ya miaka ya sabini. Ng'ombe yuko ndani ya maji, si maji ndani ya ng'ombe. Na hii manjano si urembo, mama Cheptoo. Nyekundu ni ya kuua haraka, manjano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Kijani ni ile ya upole. Watu wamezijua hizi rangi kwa macho, hata wale hawajui hata A."

Rebeccah alikaa kitandani bila kukaribishwa.

"Na mbele mmeweka glasi," Nganga akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Ng'ombe, kiwele, glasi. Mtu asiyesoma atasema ni dawa ya kuongeza maziwa. Atashika ng'ombe pua, amwinue kichwa, amwage kwa koo. Joab ameiweka kwa chupa gani?"

Chupa za Joab zilikuwa na shingo ndefu, sawasawa na chupa ya soda ambayo kila boma huku huitunza kwa kunywesha ng'ombe dawa ya minyoo.

*

Saa nne na nusu alikuwa dukani kwa Joab, kikapu cha majani bado mgongoni, Cheptoo akimfuata nyuma na kuuliza kuna nini. Rebeccah alimweleza Joab kwa pumzi moja. Joab aliendelea kupanga mifuko ya chumvi ya ng'ombe.

"Imeandikwa nyuma," alisema.

"Imeandikwa Kizungu, na ndogo!"

"Basi watafute mtu wa kuwasomea. Mama, mimi nauza, sifundishi gumbaru."

"Joab," Cheptoo akasema, "ng'ombe wakianza kuanguka hapa Kiptere, jina iko kwa chupa ni yako. Si yangu."

Hapo ndipo Joab alipoacha mifuko. Aliketi juu ya mtungi, akashika kichwa, akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Yule wa duka la mbao. Ndugu wawili wa kule mtoni. Mwalimu mstaafu. Mke wa kasisi. Wengine walikuwa wa karibu, alijua hata milango yao. Kogo Phyllis, yule bibi anayeishi peke yake juu ya kilima.

"Na wa kumi na mbili?" Rebeccah akauliza.

"Huyo simjui. Mama fulani alikuwa anapita. Alikuwa na mbegu ya viazi kwa gunia. Alisema anarudi Londiani."

Watu hukamua saa kumi. Na mwenye dawa mpya ya maziwa, ataijaribu lini kama si kabla ya kukamua? Rebeccah alipiga hesabu hiyo, akatoka mbio. Hata hivyo hakusema ni nani aliyeagiza mifupa itolewe. Njia nzima alimlaani Joab na tamaa yake, kwa sauti ambayo mwenyewe aliisikia imezidi, na Cheptoo akatembea kando yake.

Walipita boma kwa boma. Kwa yule wa mbao, chupa ilikuwa juu ya dari, na mkewe alikuwa akingoja wikendi. "Nilidhani ni ya kupaka kiwele isipasuke," alisema. Mke wa kasisi aliwauliza ndama mdogo anywe vijiko vingapi. Wale ndugu wawili wa mtoni walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Bot Cheptoo," wakamwita, yaani mama Cheptoo, "hii dawa imekukosea nini? Umekuja kutunyang'anya maziwa?"

"Ni sumu! Ni ya kupe!"

"Ya kupe na kupe hayuko kwa picha? Wewe, hebu angalia vizuri. Hata kupe mmoja!"

"Lete chupa, Kipkirui, usinichekee. Utachekea ngozi ya ng'ombe wako."

Walimpa, bado wanacheka. Mwalimu mstaafu peke yake ndiye aliyekuwa amesoma maandishi ya nyuma kwa miwani mbili, akampulizia ng'ombe wake vizuri, akashangaa kwa nini watu wanakimbia. Kufika saa tisa walikuwa na chupa kumi ndani ya kikapu, na ile ya mwalimu ilikuwa nusu. Zilikuwa zikigongana mgongoni mwa Rebeccah kila alipopanda mteremko, na kila zilipogongana alipanda haraka zaidi.

Boma la Phyllis liko juu, njia ya miguu tu, katikati ya michai. Walipofika kwenye ua walisikia kimya. Ukiwa mfugaji unajua kimya cha ng'ombe anayekula na kimya kingine.

Ng'ombe wa Phyllis alikuwa amelala kwa ubavu kando ya banda. Ulimi ulikuwa nje, mate yanamtoka kama uzi, na miguu ya nyuma ilikuwa ikitetemeka yenyewe. Phyllis alikuwa amepiga magoti kichwani pake akimmwagia maji masikioni kwa kikombe. Chupa ya Neema ilikuwa juu ya jiwe, tupu, imeoshwa, imegeuzwa ikauke.

"Mmekuja wakati mzuri," Phyllis alisema bila kugeuka. "Huyu mtoto wangu amekataa kusimama. Nimempa dawa ya maziwa saa saba, sasa naona kama imempanda kichwa."

Cheptoo alikuwa tayari na simu sikioni akimwita Bethwel, daktari wa mifugo. Bethwel alikuja na pikipiki mpaka mwisho wa njia, akapanda mbio kwa miguu, akamdunga sindano mbili, akamwekea sikio kifuani, akamdunga ya tatu. Joab naye alikuwa amefika, anahema, akasimama mbali kidogo karibu na majani ya napia.

"Alikunywa yote?" Bethwel akauliza.

"Yote. Alikuwa anakataa, lakini nilimshika pua."

Daktari alifunga mkoba wake taratibu mno. Saa kumi na moja kasoro yule ng'ombe alinyoosha miguu mara moja, kama anayejinyoosha asubuhi, akatulia.

Phyllis alibaki amemshika sikio. Ni ng'ombe huyo mmoja aliyekuwa naye. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kituoni, ya jioni alitilia chai yake na kuhifadhi mengine katika kibuyu.

"Kogo," Joab akasema kutoka kule kwenye napia, "pole sana. Lakini ungetafuta mtu akusomee. Imeandikwa."

Phyllis aligeuka sasa. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyomwumiza Rebeccah zaidi. Alinyoosha kidole kwenye chupa iliyo juu ya jiwe.

"Nilisoma," alisema. "Nimesoma mara nyingi, jana na leo. Nikaona ng'ombe, ameshiba. Nikaona kiwele. Nikaona glasi. Nikasema, hii inaniambia mnyweshe, maziwa itakuja. Niambie mahali imeniambia usimnyweshe, nikuombe msamaha."

Cheptoo alikuwa akilia kwa ndani, mabega tu yakiruka. "Siwashi laptopu tena," alisema. "Kogo, ni mimi nilichora. Sichori tena maisha yangu."

Basi Rebeccah akajua kwamba akinyamaza sasa, mtoto atauchukua mzigo ule mpaka kaburini, na yeye ataendelea kula ugali kama kawaida.

"Si yeye," akasema. "Alichora mifupa. Alichora mtu wa pampu na ile manjano yake. Ni mimi nilisema atoe. Nilisema inaogopesha. Mimi, Phyllis. Huyu Joab alikubali, lakini mdomo ni wangu."

Phyllis aliliachia sikio la ng'ombe wake. "Na kwa nini isiogopeshe, Bot Cheptoo? Kitu ya kuogopwa?"

Kesho yake Rebeccah alimpelekea Phyllis mtamba wake, aliyekuwa amebakiza miezi miwili azae. Joab aliambiwa na wazee alipe nusu ya bei ya mtamba huyo, na ofisa wa mifugo wa wilaya akaja kufunga duka. Lakini hayo hayakumpa Rebeccah usingizi. Chupa ya kumi na mbili ilikuwa Londiani.

*

Walipiga simu kwa kila aliyekuwa na mtu kule. Cheptoo aliandika ujumbe, ukasambazwa kwa simu, kikundi hiki hadi kile. Jibu halikuja. Mama wa gunia la mbegu, asiye na jina, Londiani nzima ina akina mama kama huyo wangapi? Na kama hakusoma lebo, atasoma ujumbe?

"Hapo kompyuta haitawasaidia," Nganga alisema. Alikuwa amekuja mwenyewe mpaka kile kichumba, na brashi zake ndani ya chupa ya jamu. "Tengeneza bango. Si la maneno. La mtu anayepita na mzigo kichwani, upande wa pili wa barabara."

Cheptoo alikataa. Akakataa tena. Nganga hakumbembeleza, alikaa tu kwenye kiti cha wateja akaanza kuchora ng'ombe kwa mkaa nyuma ya kalenda, na makusudi, au kwa uzee, akamkosea miguu. Cheptoo alivumilia dakika tano.

"Mzee, hiyo goti inakunjwa mbele?"

"Nionyeshe basi."

Walipomaliza la kwanza, Rebeccah alilitazama akaona limetosha: chupa, na ng'ombe aliyechorewa X kubwa nyekundu. Angelipeleka siku hiyo hiyo. Lakini alijikumbuka, akaogopa macho yake mwenyewe. Macho yake ndiyo yaliyoua. Akalikunja, akapanda nalo kilimani kwa Phyllis, Cheptoo nyuma yake.

"Usimwambie kitu," Rebeccah alimwonya bintiye mlangoni. "Aseme yeye."

Phyllis aliliweka bango magotini.

"Karantini imekuja tena," alisema. "Ng'ombe wasiende soko."

Wakarudi chini. La pili lilikuwa na ng'ombe amelala, na chupa kando yake. Phyllis alitabasamu. "Huyu ameshiba, anacheua." La tatu lilimpendeza Cheptoo kuliko yote: picha mbili kando kwa kando. Upande wa kushoto ng'ombe anapewa chupa, upande wa kulia ng'ombe amekufa, miguu juu. Hilo hata mtoto angeelewa, walisema wote watatu, Nganga akiwamo.

Phyllis alilitazama sana. Uso ukamkunjuka.

"Hii dawa ni nzuri kweli," alisema. "Ng'ombe alikuwa amekufa, wakampa, sasa amesimama."

Cheptoo aliweka kidole upande wa kulia. "Kogo, umeanzia huku?"

"Kwani nianzie wapi? Kuna mlango?"

Rebeccah aliyefika darasa la saba hakuwahi kufikiri kwamba kuanzia kushoto ni kitu cha kufundishwa. Alikidhani kimezaliwa na macho. Na walikuwa karibu kulibandika Londiani nzima!

Nganga aliposikia alijipiga paji la uso. "Ngai! Miaka arobaini na nane kwa hii kazi. Picha moja, msichana. Moja tu, isiwe na mwanzo wala mwisho."

Cheptoo alikaa juu ya la nne siku nzima. Hakula. Alimwambia mama yake asimame katikati ya chumba aweke mikono kichwani, na Rebeccah akaiweka, na hakuhitaji kuigiza. Katika bango lile ng'ombe yuko chini, ulimi nje, povu puani, na chupa ingali imechomekwa mdomoni mwake, chupa ileile, na lebo ileile ya kijani iliyochorwa kubwa mpaka glasi inaonekana. Nyuma ya ng'ombe amesimama mwanamke, mikono kichwani, mdomo wazi. Basi. Nyuma yao kote ni manjano, na chini iko nambari ya simu.

Phyllis alipolipokea alilisukuma mbali saa ileile, kama kitu chenye moto.

"Toa," alisema. "Toa hiyo kwa nyumba yangu."

*

Walichapa arobaini. Rebeccah na Cheptoo wakaenda nayo Londiani, wakabandika kwenye kituo cha magari, kwenye mlango wa kinu, kwenye kuta za maduka ya mbegu, kando ya malango ya makanisa, mahali pa kupimia maziwa. Siku ya kwanza watu walitazama wakapita. Siku ya pili kijana mmoja alimcheka Rebeccah: "Mama, si huyu ni wewe? Ulifiwa na ng'ombe ukaamua utangaze?" Rebeccah alimjibu, "Ndiyo, ni mimi. Nenda uangalie dirisha ya mama yako kama iko na chupa." Kijana aliacha kucheka.

Cheptoo alitaka warudi nyumbani. Majani yalikuwa yanakomaa bila mchumaji, na mtu haishi kwa kusimama barabarani. Rebeccah hakusikia. Alikuwa akitazama macho ya watu: yanatua wapi kwanza, kwa ng'ombe au kwa mwanamke, yanakaa kiasi gani, yanarudi au yanakwenda zao. Kila mwanamke aliyepita na gunia alimfanya asogee hatua moja mbele. Kila usiku, kwa shangazi yao walikolala, alihesabu siku tangu soko lile, akajiambia labda yule mama aliiweka tu, labda ng'ombe wake ni mkavu, labda, labda.

Siku ya tatu, saa kumi kasoro, mwanamke mmoja mnene wa sweta ya rangi ya maziwa alikuwa akivuka barabara kuelekea kwenye kinu, debe la mahindi kichwani, akizungumza kwa sauti na mwenzake kuhusu bei ya mbolea. Alikuwa amekwisha kulipita bango. Kisha akasimama. Alirudi hatua mbili kinyumenyume, na debe bado kichwani, akainua uso.

Hakutazama maandishi. Rebeccah aliona macho yake yakienda kwenye mikono ya yule mwanamke wa kuchorwa, yakashuka kwa ng'ombe, yakafika kwenye chupa, yakagota hapo.

Aliliteremsha debe chini. Mahindi kidogo yalimwagika na hakuyaokota.

"Hii chupa," alimwambia mwenzake. "Hii chupa si ndiyo nilinunua Kiptere?"

Rebeccah alikuwa tayari mbele yake. "Iko wapi?"

"We ni nani?"

"Iko wapi, mama? Umempa?"

"Bado. Iko kwa dirisha ya jikoni. Ng'ombe alizaa juzi, nilisema tungoje atoe maziwa ya kwanza..." Akalitazama jua, halafu barabara inayopanda kuelekea msituni. "Leo nilimwachia mzee wangu akamue. Nilimwambia kuna dawa kwa dirisha, picha itamwonyesha vile atafanya."

"Ana simu?"

"Mzee? Mzee hana simu."

"Ni mbali?"

"Kuvuka ule mto, halafu juu."

Cheptoo alikuwa amekwisha kusimamisha pikipiki mbili. Rebeccah alibandua lile bango ukutani kwa kucha, pembe moja ikachanika, akalikunja chini ya kwapa, kwa sababu hakujua kama kule juu watamkuta mzee mwenye kusikia maneno. Mama wa debe alikuwa amepanda tayari, leso imeanguka mabegani, akimpiga mwendeshaji mgongoni.

"Endesha," alimwambia. "Endesha, saa yake ya kukamua ni sasa."